Cheti cha Waya

Karatasi nyekundu ilibandikwa kwenye kioo cha mlango Jumatatu saa nne asubuhi, na aliyeibandika alikuwa na adabu zake. Alipiga hodi, akaamkia, akaomba radhi, ndipo akapaka gundi. Karatasi ilisema kwamba karakana hii ya amplifaya na redio imekutwa na upotofu wa sauti wa asilimia tatu nukta mbili, na kiwango kinachokubalika ni asilimia moja. Imepewa siku saba ijirekebishe, la sivyo itafungwa.

Bi Koili alivaa miwani akaisoma mara mbili. Kisha akarudi kwenye kigoda chake akaendelea kusuka koili ya waya aliyokuwa ameiacha kwenye mzunguko wa mia nne na kumi. Ndivyo alivyokuwa. Akiwa anahesabu mizunguko, hata ukimwambia nyumba inaungua, atakujibu akifika mia.

Wifi yake hakuwa na subira hiyo. Huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe, na kazi yake pale karakana ilikuwa kupokea wateja, kuwaandikia vibandiko na kuwapa habari za mji wasizoziomba. Alisimama mbele ya ile karatasi akashika kiuno.

"Wifi, tumeumbuka," alisema. "Kaka yangu angefufuka leo, akaona hii, angekufa tena palepale."

"Mia tano," alisema Bi Koili, akakata waya. "Sasa sema."

Wifi akasema, na akasema sana. Miaka ishirini na sita karakana ile imewalisha, haijawahi kubandikwa hata tangazo la paka aliyepotea. Leo watu wanapita barabarani wanasoma kwamba ndani kuna upotofu. Nani atasimama kuuliza ni upotofu wa nini?

Na kweli, neno lenyewe lilikaa vibaya. Lakini jambo lilikuwa jepesi, na Bi Koili alilijua toka alipoanza kumshikia mumewe taa juu ya meza ileile. Unachukua mluzi mmoja safi, unauingiza kwenye amplifaya. Amplifaya ingekuwa na uaminifu kamili, ungetoka mluzi uleule, umenenepa tu. Lakini hakuna amplifaya ya namna hiyo. Kila mluzi unaopita humo ndani hutoka na watoto: mmoja mwenye kasi mara mbili ya mama yake, mwingine mara tatu, mwingine mara nne, wadogo wadogo, wameng'ang'ania nguo ya mama. Wakiwa wachache, sikio haliwaoni. Wakizidi, sauti inakwaruza, mhubiri anasikika kama anahubiri huku anatafuna.

Ili kuwapima, Mkaguzi wa Ofisi ya Sauti alikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kilipiga mluzi. Cha pili kilipokea kilichotoka kwenye amplifaya, kikamtoa mama nje, kikawahesabu watoto waliobaki ndani, na sindano ikaonyesha wamefika asilimia ngapi. Mashine ya akili sana. Na amplifaya aliyoipima pale karakana ilikuwa imetoka mikononi mwa Bi Koili wiki iliyotangulia, ameisikiliza siku mbili, na sikio lake lilimwambia watoto hawafiki hata nusu ya asilimia. Sindano ikasema tatu nukta mbili.

Basi Bi Koili akajilaumu mwenyewe. Akasema uzee umeingia masikioni. Jumanne yote aliifungua ile amplifaya, akabadilisha kila kilichobadilika, akasuka transfoma upya toka mwanzo. Jumatano akaomba apimwe tena. Mkaguzi akaja, mtu mrefu, mnyenyekevu, mwenye kalamu tatu mfukoni na jasho la kudumu juu ya mdomo. Akaunganisha visanduku vyake.

Tatu nukta mbili.

Alhamisi Bi Koili alitoa ile amplifaya, akaweka nyingine tofauti kabisa, ndogo, ya zamani, aliyoiunda mumewe mwaka waliooana. Mkaguzi akapima. Sindano ikapanda, ikasimama palepale kama punda aliyegoma.

"Angalau una msimamo, bibi," Mkaguzi alisema kwa upole, akaandika.

Ng'ambo ya barabara, fundi wa spika aliyeitwa Mzee Koni naye alikuwa na karatasi nyekundu. Wifi alivuka kwenda kumpa pole na kumchungulia, akarudi na habari: tatu nukta mbili. Mafundi wawili wa mtaa wa nyuma, tatu nukta mbili. Karakana arobaini na moja zilibandikwa wiki ile, na zote zilikuwa na alama moja. Mkuu wa Ofisi ya Sauti alisema kwenye kikao kwamba amesikitika, lakini amefurahishwa na umoja wa mafundi.

Aliyefaulu alikuwa mmoja tu. Huyo aliuza amplifaya mpya, kubwa, zenye taa za rangi tatu, na mji mzima ulimwita Shemeji, hata wasio na dada, kwa sababu alikuwa shemeji yake Mkuu. Cheti chake kilining'inia dirishani: upotofu, asilimia sifuri nukta sifuri moja. Alhamisi hiyo alipita karakana, akasimama mlangoni akiwapa pole kama mtu aliyekuja msibani. Alisema akina mama wamefanya kazi ya kutosha, sasa wapumzike, na kama meza na vyombo vitakosa pa kwenda, yeye ana nafasi.

Wifi alimjibu kwamba nafasi aliyonayo ni katikati ya masikio. Shemeji akacheka, akaenda zake. Lakini alipokwisha kuondoka, Wifi alikaa chini akashika tama. Akasema kwa sauti ndogo, siyo ile yake ya wateja, kwamba labda waende nyumbani kwa Mkuu, na wasiende mikono mitupu.

Bi Koili alimwambia angoje kwanza. Kesho ana zamu ya kliniki.

Zamu yenyewe ilikuwa ya kumpeleka mjukuu akapimwe uzito, maana mama yake alikuwa kazini. Foleni ilikuwa ndefu na watoto wanalia kwa kupokezana. Mizani ilining'inia dirishani, na chini yake kimfuko cha kitambaa cha kumtia mtoto. Zamu yao ilipofika, Bi Koili alimnyanyua mtoto amtie ndani, nesi akamzuia kwa mkono.

"Ngoja, bibi. Sijapima kitambaa."

Akatundika kitambaa kitupu. Mshale ukaenda nusu kilo. Nesi akakunja uso, akaishika skrubu ndogo iliyoko juu ya mizani, akaizungusha mpaka mshale ukarudi kwenye sifuri. Akaeleza, huku tayari ameshaangalia mtoto wa nyuma, kwamba asipofanya hivyo kila siku, kinachonenepa kwa watoto wote wa mji huu ni kitambaa.

Mjukuu alipimwa, akaonekana hajambo, akalia, akavalishwa. Bi Koili hakusikia vizuri aliambiwa kilo ngapi. Alikuwa anatazama kile kitambaa kitupu. Alipofika nyumbani alimkabidhi mtoto kwa jirani, akaenda karakana, akakata kipande cha waya, urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidole, akakiviringisha akakitia kwenye mkoba.

"Unakwenda wapi na waya?" Wifi akauliza.

"Kukata rufaa."

Ofisi ya Sauti ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la huduma na, nyuma yake, mlango wa Mkuu. Watumishi walikuwa wawili. Mkuu alipiga mihuri, na Mkaguzi alifanya mengine yote. Bi Koili alimkuta Mkaguzi amekaa dirishani, akamwambia ana kifaa cha kupimwa. Mkaguzi alimpa fomu na kumjulisha kwamba kwa sasa yeye ni mapokezi. Mkaguzi anaanza saa nane.

Bi Koili akajaza fomu kwa herufi zake za darasa la nne, moja moja, kubwa, hakuna iliyomlalia mwenzake. Jina la kifaa: waya. Ukubwa: mfupi. Kimetengenezwa wapi: nimekata mwenyewe. Kasoro: sijui, ndiyo maana nimekuja. Mapokezi aliisoma fomu, akaisoma tena, akafungua kitabu cha kanuni. Kanuni zilisema kifaa chochote kinachopitisha sauti. Waya unapitisha. Akagonga "imepokelewa."

Bi Koili akakaa benchi mpaka saa nane. Saa nane kamili yule bwana akatoka dirishani, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha pili, akamwita: "Anayefuata." Hapakuwa na mwingine.

Akaunganisha waya. Ncha moja kwenye kisanduku cha mluzi, ncha ya pili kwenye kisanduku cha sindano, katikati hakuna kitu. Akabonyeza.

Tatu nukta mbili.

Mkono wa mtu aliyezoea kazi hauulizi kichwa. Mkaguzi aliandika, akararua karatasi kwenye kitabu, akaingia nayo kwa Mkuu. Mkuu alikuwa kwenye simu, akagonga muhuri bila kugeuza shingo. Mkaguzi akarudi, akamkabidhi Bi Koili karatasi nyekundu, na juu yake imeandikwa vizuri kabisa: Waya, mmoja, mfupi. Umeshindwa. Umepewa siku saba ujirekebishe.

Bi Koili aliipokea kwa mikono miwili. Hakuinuka.

"Mwanangu," alisema, "amplifaya ina koili, ina vikorokoro, nikiambiwa imezaa watoto nitakubali. Waya huu hauna tumbo. Hao watoto wametoka wapi?"

Mkaguzi akatazama sindano, ambayo bado ilikuwa imesimama mahali pake. Akatazama waya. Macho yake yakatambaa juu ya waya, polepole, toka kwenye sindano mpaka kwenye kisanduku cha mluzi, yakakwama hapo. Jasho la juu ya mdomo likateremka. Akasema ofisi imefungwa. Ilikuwa saa nane na robo.

Jumamosi asubuhi, Wifi akiwa anafagia kizingiti, akaja mtu mrefu amebeba kikapu cha sokoni, juu yake vitunguu viwili na kitambaa. Alizunguka nyuma, akapita mlango wa uani. Alimwambia Bi Koili kwamba ameleta redio ya mke wake.

Bi Koili alitoa vitunguu, akatoa kitambaa, akakiona kisanduku cha mluzi. Alishika bisibisi akafungua skrubu nne.

Ndani ya visanduku vya namna ile vya zamani huishi balbu ndogo. Haiwaki kwa ajili ya kumulika, hakuna anayeiona. Kazi yake ni kuutuliza mluzi. Mluzi ukijivimbisha, balbu hupata joto na kuubana. Ukisinyaa, hupoa na kuuachia. Kwa hiyo mluzi hukaa laini, mmoja, hauna watoto. Lakini lazima iwe balbu ya kazi hiyo; ikiwa nyingine, mluzi hutoka kisandukuni tayari una watoto. Aliyoikuta Bi Koili humo ndani ilikuwa balbu ya tochi.

Mkaguzi alieleza huku akitazama sakafu. Balbu yenyewe iliungua mwaka juzi. Aliandika barua kuomba nyingine, akaeleza aina. Barua ilikwenda juu, ikakaa miezi minane, ikarudi na balbu. Karatasi ilisema "balbu, moja." Alihesabu, ikawa moja kweli. Akasaini.

"Ulijua ni ya tochi?"

"Nilijua ni ya serikali, bibi."

Wifi, aliyekuwa ameacha kufagia muda mrefu, alilazimika kutoka uani kidogo kwenda kucheka.

Kwenye rafu kulikuwa na kopo la marehemu, na ndani ya kopo, zimefungwa kwenye pamba, balbu mbili za aina ileile inayotakiwa. Bi Koili alipasha chuma cha kulehemu, akaibandua ya tochi, akaiweka inayostahili. Mkaguzi akatoa kisanduku cha sindano kutoka chini kabisa ya kikapu. Wakaunganisha waya mtupu kwanza. Sindano ilijikongoja, ikalala chini: sifuri nukta sifuri mbili. Halafu wakaunganisha ile amplifaya ya Jumatatu.

Sifuri nukta tatu.

Bi Koili alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa, akatazama tena. Ilikuwa nukta tatu. Masikio yake hayajazeeka. Alishukuru kimoyomoyo, akangoja karatasi ibanduliwe mlangoni.

Lakini Mkaguzi hakwenda mlangoni. Alikuwa amekaa chini kwenye kigoda cha Wifi, magoti yamefika kidevuni.

"Bibi," alisema, "naomba urudishe ile ya tochi."

Akaeleza, na hapa ilibidi kumhurumia. Karakana arobaini na moja amezibandika yeye. Akitembea na kisanduku kinachosema kweli, wiki ijayo zote zitafaulu, na Mkuu atauliza wiki iliyopita alikuwa anapima nini. Hilo moja. La pili ni Shemeji. Kisanduku chenye balbu ya tochi hakiwezi kuona chochote chini ya tatu, kama mizani yenye mzigo juu yake. Sasa Shemeji alipataje sifuri nukta sifuri moja?

"Alipataje?" Bi Koili akauliza.

"Mkuu aliniambia nimpime kwa heshima."

"Na ukampima?"

"Nilimpima kwa heshima. Sikufungua visanduku."

Wifi alikuwa amerudi, ufagio mkononi. Mkaguzi akaendelea kuomba. Alisema yeye atampa Bi Koili cheti chake leo hii, safi, nukta tatu, karakana haitafungwa. Anachoomba ni balbu tu. Hao wengine arobaini Mungu atawajalia.

Bi Koili alitazama mlangoni. Karatasi yao ilionekana kwa nyuma, jua linapita ndani yake. Ng'ambo ya barabara ilionekana ya Mzee Koni, na Mzee Koni mwenyewe chini yake, anapanga spika zake kwenye sanduku moja moja, kwa sababu siku zake saba zingeisha Jumatatu kama zao.

Akachukua ile balbu ya tochi, akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akamwekea Mkaguzi mbele yake juu ya meza. Pembeni akaweka bisibisi.

"Mali ya ofisi hiyo hapo," alisema. "Kutengeneza nilifundishwa na mume wangu. Kuharibu hakunifundisha. Ukitaka, mikono unayo."

Akavuta kigoda, akashika koili mpya, akaanza kuhesabu. Moja, mbili, tatu. Mkaguzi akasema bibi nisikilize. Saba, nane. Akasema ana watoto wanne. Kumi na tano. Wifi akamwambia asijisumbue, mpaka mia hapo hakuna mtu. Basi Mkaguzi akageukia meza. Aliishika balbu, akaifungua kwenye gazeti, akaifunga. Akashika bisibisi. Bi Koili hakuinua kichwa, lakini mizunguko kati ya sitini na themanini, ukiifumua leo ile koili, utaikuta imebana kuliko mingine.

Kwenye tisini na tatu kigoda kililia. Mkaguzi alikuwa amesimama na bisibisi mkononi. Akapita mbele ya meza, akakipita kisanduku chake, akaenda mpaka mlangoni, akaanza kukwangua ile karatasi nyekundu kwa ncha ya bisibisi, toka kona ya juu. Gundi ya ofisi ilikuwa kali, ilimchukua muda.

"Mia," alisema Bi Koili. "Mzee Koni naye gundi yake ni hiyohiyo. Chukua bisibisi uende nayo."

Akaenda nayo. Kufika Jumatatu jioni alikuwa amepita karakana zote arobaini na moja, kama kanuni inavyotaka siku ya saba, na zote, isipokuwa mbili zilizokuwa mbovu kweli, zilifaulu.

Mkuu hakuuliza chochote. Mkaguzi alikuwa amekosa usingizi bure. Mkuu alisoma tarakimu za Jumatatu moja na za Jumatatu iliyofuata, akaona kwa macho yake kwamba upotofu wa mji mzima umeshuka toka asilimia tatu mpaka chini ya moja kwa wiki moja, akatangaza kwamba hayo ni matunda ya karatasi nyekundu. Walio juu yake wakampa ngao. Kuhusu Shemeji, hakukuwa na haja ya kumpima upya. Cheti chake kinadumu miaka mitano.

Sherehe ya ngao ilifanyika uwanjani mchana, na vyombo vilitoka kwa Shemeji, vyenye taa za rangi tatu. Mkuu alihutubia saa nzima. Watoto wa sauti walitoka kwa mamia wakipigana, hotuba ikasikika kama mtu anayekokota bati kwenye changarawe. Hakuna aliyeelewa neno, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Walipiga makofi sana. Mzee Koni aliziba masikio kwa vidole, akaambiwa ashushe mikono, picha inapigwa.

Wiki moja baadaye ikaja barua karakana. Ofisi ya Sauti ilimkumbusha Bi Koili kwamba kifaa chake, waya, mmoja, mfupi, kilipewa siku saba kujirekebisha, na siku zimepita. Wifi aliisoma kwa sauti, akataka kuichana. Bi Koili akamkataza. Alikunjua ule waya mkobani, akaupangusa vumbi, akaenda nao mpaka dirishani, akajaza fomu. Kwenye marekebisho yaliyofanyika aliandika: umetulia. Mapokezi akagonga muhuri na kumwomba angoje saa nane. Saa nane akahamia kiti cha pili, akapima, akaandika, na kwa mara ya kwanza Bi Koili akayaona meno yake.

Cheti cha waya kipo ukutani mpaka leo, juu ya kile cha karakana, kwa sababu alama zake ni bora zaidi. Waya wenyewe unaning'inia kwenye msumari pembeni yake. Kila Mkaguzi anapokuja kupima kifaa, Bi Koili huutoa kwanza, upimwe peke yake, mtupu, ndipo kiguswe kingine. Wifi huwaambia wateja kwamba katika nyumba yao yote, huyo ndiye pekee aliyewahi kufaulu mtihani wa serikali, na tena kwa kurudia.